Friji Zinazohifadhi Mazingira: Sheria Inasema Nini, na Msaada Unamfikia Nani?

Pwani yetu imejaliwa vitu viwili visivyopatana: samaki na joto. Nguru aliyevuliwa alfajiri akikosa barafu, kufika adhuhuri macho yameshaingia ndani, matamvua yamepoteza wekundu na bei imeanguka. Maziwa ya asubuhi hayafiki magharibi. Insulini ya mzee mwenye sukari, chanjo ya mtoto kwenye zahanati, nyama ya mwenye mkahawa, maji ya kunywa ya mwenye duka wakati wa kaskazi, vyote vinategemea baridi. Kwa mtu wa Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River au Lamu, friji haiwezi tena kuhesabiwa kuwa anasa.

Baridi hiyo, hata hivyo, inatugharimu kwa njia mbili. Ya kwanza ni stima, ambayo kila mwenye mita ya tokeni anaijua. Ya pili haionekani. Ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya friji, ambayo ikivuja huenda ikaharibu tabaka la ozoni au ikaongeza joto la dunia kuliko moshi wa gari. Kwa sababu hizo mbili serikali nyingi, na ya Kenya ikiwemo, zimeweka viwango vya friji na viyoyozi, na nyingine zikaongeza msaada ili watu waweze kuvifuata.

Makala haya yanaeleza viwango hivyo ni vipi, vimetoka wapi, na mnunuzi wa kawaida avisomeje. Hoja ninayoisimamia ni hii: kiwango bila msaada humwachia mzigo asiye na uwezo, na msaada bila kiwango hugeuza bandari yetu kuwa jaa la vilivyokataliwa kwingine. Viwili hivi lazima viende pamoja, na lazima vimfikie fundi wa mtaani na mnunuzi wa mwisho, visiishie ofisini.

Friji hufanyaje kazi?

Wazee wetu walijua siri ya friji kabla ya stima kufika. Maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Kitu cha majimaji kinapogeuka kuwa hewa, hunyonya joto la kilicho karibu nacho. Friji inatumia kanuni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba jasho lake haliachwi kupotea.

Kompresa, ile mashine nyeusi iliyo chini nyuma ya friji, huishindilia gesi mpaka ikawa ya moto. Gesi hupita kwenye mabomba ya nyuma, hutoa joto lake jikoni na kuwa majimaji. Majimaji hayo hupenyezwa kwenye mrija mwembamba sana, kisha yanafunguka ghafla ndani ya friji na kugeuka tena gesi. Hapo ndipo yanaponyonya joto la vyakula. Gesi hurudi kwenye kompresa na safari inaanza upya. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Friji nzima ikiwa haina tundu, gesi iliyotiwa kiwandani inatosha maisha yote ya friji hiyo. Fundi anayekwambia friji inahitaji kuongezwa gesi kila mwaka kama desturi, anakwambia kwa maneno mengine kwamba kuna mahali inavuja na hapajazibwa.

Kutoka gesi moja hadi nyingine

Friji za mwanzo zilitumia gesi za hatari kama amonia, ambayo ni sumu kwa mwenye kuivuta. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilileta gesi mpya za jamii ya CFC, mojawapo ikiwa R12. Hazikuwaka moto, hazikuwa sumu, na dunia nzima ikazipokea. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo zikipanda juu angani hupasuliwa na jua, na klorini iliyomo hula ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mwaka 1995 Molina na Rowland walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Crutzen.

Viwanda vilihamia kwanza kwenye jamii ya HCFC, kama R22 iliyojaa kwenye viyoyozi vya hoteli nyingi, ambayo huharibu ozoni lakini kwa kiasi kidogo. Kisha vikahamia HFC, kama R134a ya friji za nyumbani na za magari, R404A ya friza za maduka, na R410A ya viyoyozi. HFC haziharibu ozoni. Ubaya wake ni mwingine, nao ni kuongeza joto. Kilo moja ya R134a ikivuja huongeza joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi. R410A ni kama kilo 2,088, na R404A ni kama 3,922. Friji ya nyumbani yenye gramu 100 tu za R134a, bomba lake likitobolewa uani kwa msumari, ni sawa na kuachia hewani kilo 143 za kaboni dioksaidi kwa dakika chache.

Njia ya tatu ilikuja kutoka mahali pasipotarajiwa. Baada ya Ujerumani mbili kuungana, kiwanda cha friji cha Scharfenstein upande wa mashariki kilikuwa karibu kufungwa. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Greenpeace lilikiunganisha na watafiti wa Dortmund waliokuwa wakijaribu propani na butani, jamaa wa gesi tunayopikia. Makampuni makubwa yalisema friji hizo zitalipuka. Kiwanda hicho, kilichokuja kujulikana kwa jina la Foron, kilianza kuziuza mwaka 1993, na muda si mrefu wapinzani wale wale wakawa wanaunda za kwao. Leo gesi ya isobutani, R600a, ndiyo iliyo ndani ya friji nyingi mpya za nyumbani duniani. Nguvu yake ya kuongeza joto haifiki hata kilo 5 kwa kilo moja. Friji ya kawaida huhitaji gramu chache za R600a, mara nyingi kati ya 30 na 70.

Kisa cha Foron kina funzo kwa mada yetu. Ufundi ulikuwepo. Kilichokuwa kikikosekana ni mtu wa kuusimamia na fedha za kuuvusha mpaka sokoni.

Mikataba ya dunia na ratiba yake

Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya ozoni. Kenya ilijiunga mwaka 1988. Sekretarieti ya ozoni ya Umoja wa Mataifa iko hapa hapa nchini, Gigiri, Nairobi. Chini ya itifaki hiyo, nchi zinazoendelea ziliacha CFC kufikia mwaka 2010.

HCFC, yaani R22 na wenzake, zinaondolewa kwa hatua. Kwa nchi kama yetu matumizi yalifungiwa kiwango mwaka 2013, yakapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 yatakoma, isipokuwa kiasi kidogo kitakachoruhusiwa kukarabatia mitambo iliyopo hadi 2040. Mwenye hoteli au jengo ambaye bado ana viyoyozi vya R22 anapaswa kuiangalia ratiba hii leo, kwa sababu gesi hiyo itazidi kuadimika na kupanda bei.

HFC zilifuatiliwa mwaka 2016, nchi zilipokubaliana mjini Kigali, Rwanda, kuiongezea itifaki kipengele kipya. Marekebisho ya Kigali yanazitaka nchi za kundi letu kutozidisha matumizi kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 kufikia 2029, asilimia 30 kufikia 2035, asilimia 50 kufikia 2040 na asilimia 80 kufikia 2045. Nchi tajiri zilianza kupunguza mapema zaidi, mwaka 2019. Kenya iliridhia marekebisho hayo mwaka 2023. Wataalamu wanakadiria kwamba yakitekelezwa kikamilifu, yanaweza kuzuia hadi nusu digrii ya ongezeko la joto kufikia mwisho wa karne hii.

Viwango vya Kenya: nani anasimamia nini

Usione vyaelea, vimeundwa. Friji mpya inayokaa dukani imepita mikononi mwa idara tatu, na ni vizuri mwananchi azijue ili ajue pa kuuliza.

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo linaloandika na kukagua viwango vya ubora na usalama wa vifaa. Viwango vya usalama vya dunia ambavyo nchi hufuata vinaweka mpaka wa gramu 150 za gesi inayowaka ndani ya friji ya nyumbani. Mpaka huo uliwekwa ili hata gesi yote ikivuja jikoni isifikie kiwango cha kuleta maafa. Kwa friji za biashara, mpaka huo ulipandishwa mwaka 2019 hadi gramu 500 kwa propani, kwa masharti maalumu.

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayoshughulika na matumizi ya stima. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu utendaji wa vifaa vya umeme ziliweka kiwango cha chini ambacho friji na kiyoyozi lazima vifikie, na zikataka vifaa hivyo vibandikwe lebo ya nyota. Nyota moja ni kiwango cha chini, nyota tano ni bora kabisa. Mwagizaji anatakiwa kusajili aina ya kifaa chake kabla ya kukiuza.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, inahusika na gesi zenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2007 kuhusu kemikali zinazodhibitiwa, mwenye kuingiza gesi hizo nchini anahitaji leseni. Kuiachia gesi hewani kwa makusudi ni kwenda kinyume na azma nzima ya kanuni hizo.

Kwa karatasi, basi, tumejipanga. Udhaifu uko mahali idara hizi tatu zinapokutana. Lebo ya nyota inamwambia mnunuzi kuhusu stima na kukaa kimya kuhusu gesi. Leseni ya gesi inamhusu mwagizaji na haimwambii kitu mama anayenunua friza ya kuuzia barafu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2019 unaopendekeza nchi ziyaunganishe haya mawili katika kanuni moja, kwamba friji isiruhusiwe sokoni mpaka itimize kiwango cha stima na pia iwe na gesi isiyoharibu ozoni wala kuongeza joto kupita kiasi. Rwanda ilichukua njia hiyo ya kuunganisha katika mkakati wake wa ubaridi wa mwaka 2019. Nasi hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Friji za mtumba na lango la Kilindini

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi watu wa Pwani kuliko mtu wa bara, kwa kuwa kontena zinashukia kwetu. Friji ya mtumba kutoka Ulaya au Ghuba inamvutia mnunuzi kwa bei na kwa sifa ya kuwa imetengenezwa vizuri. Kabla ya kuipokea, mnunuzi ajue mambo matatu.

La kwanza ni umri wa gesi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzwa kwa friji mpya za nyumbani zenye HFC yenye nguvu ya 150 au zaidi kuanzia Januari 2015. Friji ya Ulaya yenye R134a, kwa hivyo, kwa kawaida ni ya kabla ya tarehe hiyo. Imeshatumika miaka mingi, na tunaletewa kwa kuwa kwao haitakiwi.

La pili ni lebo. Ulaya ilibadilisha vipimo vyake Machi 2021. Friji iliyobandikwa A+ kwa vipimo vya zamani, ikipimwa kwa vipya huangukia karibu na herufi F. Anayekuuzia kwa kukuonyesha ile A+ huenda hakudanganyi, ila lebo yenyewe imepitwa na wakati.

La tatu ni tabianchi, na hili wengi hawalijui. Kila friji ina daraja la hali ya hewa lililoandikwa kwenye kibandiko chake cha ndani. Herufi N au SN maana yake imeundwa kufanya kazi chumbani pasipozidi nyuzi 32. ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Jiko la Mombasa mwezi wa Machi, dirisha limefungwa na sufuria iko motoni, hupita 32 bila taabu. Friji ya N hapo huwa haipumziki. Kompresa inanguruma usiku kucha, tokeni zinakwisha, na baada ya muda mashine inaungua.

Ghana ilikuwa na tatizo hili hili, tena kubwa zaidi. Kuanzia 2013 ilisimamia marufuku ya kuingiza friji zilizotumika. Lakini haikuishia kwenye marufuku. Iliweka pia mpango wa kumpa punguzo la bei mwananchi anayerudisha friji yake kuukuu na kununua mpya yenye matumizi madogo ya stima. Zile zilizorudishwa zilipelekwa kuvunjwa kwa utaratibu. Huu ndio mfano wa kiwango na msaada kwenda bega kwa bega. Kupiga marufuku peke yake kungemnyima maskini friji. Punguzo bila marufuku lingetoa friji moja kuukuu jikoni na kuingiza mbili bandarini.

Msaada unapatikana wapi?

Itifaki ya Montreal ina mfuko wake, ulioanzishwa mwaka 1990, ambao nchi tajiri huchangia ili kuzisaidia nchi kama Kenya. Kupitia mfuko huo mafundi wamefunzwa na vifaa vya kunasa gesi vimetolewa. Huu ni msaada wa kweli na ni haki yetu.

Mfano mwingine uliogusa Kenya ni mradi wa SolarChill, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wengine. Lengo lilikuwa friji ya chanjo inayoendeshwa na sola, isiyohitaji betri ya risasi, na yenye gesi asilia isiyochafua. Badala ya kuweka nguvu kwenye betri, friji hii hutengeneza barafu mchana, na barafu hiyo huweka baridi usiku. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio pamoja na Colombia na Eswatini. Kwa zahanati za visiwani Lamu au ndani ya Tana River, ambako stima hukatika au haijafika, wazo hili linafaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo.

Hata hivyo msaada wa serikali huhitaji kutulia mahali pamoja. Mwaka 2020 vifaa vya sola vilitozwa VAT, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Mfanyabiashara anayetaka kujenga chumba cha baridi cha sola kwa ajili ya samaki hawezi kupanga hesabu zake kama kodi inabadilika kila bajeti.

Na kwenye madiko ya samaki kuanzia Vanga hadi Kiunga, msaada unaohitajika unajulikana: barafu ya karibu, ya bei nafuu na ya kudumu. Mvuvi mwenye barafu ana sauti mbele ya tajiri wa samaki. Asiye nayo huuza kwa bei atakayopewa. Mama karanga mwenye mahali pa kuhifadhi halazimiki kununua na kukaanga vyote siku hiyo hiyo. Mitambo mikubwa ya barafu inaweza kutumia amonia, ambayo haiongezi joto la dunia hata kidogo, bali inataka fundi aliyefunzwa kwa kuwa ni sumu. Midogo inaweza kutumia propani, R290. Serikali za kaunti zinaponunua mitambo kwa ajili ya vikundi vya usimamizi wa fuo, ziandike kwenye zabuni aina ya gesi, daraja la hali ya hewa, na nani ataitengeneza ikiharibika. Mtambo wa bei ya chini unaotumia R404A leo utakuwa mzigo wa kikundi kesho, ratiba ya Kigali itakapoanza kubana.

Fundi ndiye nguzo

Kiwango chochote kikiandikwa Nairobi, atakayekitimiza au kukivunja ni fundi wa friji wa mtaani. Wengi wao wamejifunza kwa kushika, si darasani, na wana ujuzi mkubwa. Lakini gesi zimebadilika, na baadhi ya mazoea ya zamani sasa ni hatari.

R600a na R290 zinawaka. Friji zenye gesi hizo huwa na alama ya pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, karibu na kompresa. Fundi hapaswi kuchomelea bomba likiwa bado na gesi hiyo ndani. Afanye kazi mahali penye hewa, asivute sigara, atoe gesi kwa utaratibu na asafishe mabomba kwa naitrojeni kwanza. Apime gesi kwa mizani ya gramu, si kwa kukadiria. Na kamwe asitie R600a kwenye friji iliyoundwa kwa R134a ati kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Swichi na taa za friji hiyo hazikukingwa dhidi ya cheche.

Hapa kwetu kuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya hewani. Mabomba ya nyuma ya friji na ya viyoyozi vya nje huliwa na kutu upesi kuliko bara, na bomba lililoliwa ndilo linalovujisha. Fundi wa Pwani kwa hiyo anashika gesi mara nyingi kuliko mwenzake wa Nakuru, na angepaswa kuwa wa kwanza kupewa mafunzo na mashine ya kunasa gesi. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vinaweza kutoa kozi fupi za wiki chache, jioni au wikendi, zenye cheti kinachotambulika, kwa mafundi ambao tayari wako kazini. Cheti hicho kikiwa sharti la kununua gesi, kazi ya fundi itapata heshima na mteja atapata usalama. Lakini sharti lisitangulie mafunzo. Ukimnyima fundi riziki kwa kukosa karatasi ambayo hukumpa nafasi ya kuipata, umemwonea tu.

Unapokwenda kununua

Kwanza tazama lebo ya nyota na usome namba ya yuniti kwa mwaka. Tuseme friji moja inakula yuniti 700 kwa mwaka na nyingine 250, na yuniti kwako inatoka shilingi 28. Tofauti ni yuniti 450, yaani shilingi 12,600 kila mwaka. Friji ya bei ya juu kidogo yaweza kurudisha tofauti hiyo kabla ya miaka miwili.

Pili, fungua mlango utafute kibandiko. Soma aina ya gesi: R600a ndiyo ya kuchagua kwa friji ya nyumbani, R290 kwa nyingi za biashara. Kwa kiyoyozi, R32 ina nguvu ya 675, ambayo ni pungufu sana ya R410A, na R290 ni bora zaidi pale inapopatikana. Epuka R22 kabisa.

Tatu, hakikisha daraja ni ST au T. Nne, uliza kama kuna fundi na vipuri hapa Pwani.

Ukishafika nyumbani, iache friji nafasi ya kupumua nyuma yake, usiiweke jirani na jiko wala mahali linapopiga jua. Futa vumbi na chumvi kwenye mabomba ya nyuma. Bana kipande cha karatasi mlangoni. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inapotea. Na friji ikifa, usimpe muuza chuma chakavu aitoboe uani. Mwite fundi mwenye mashine atoe gesi kwanza.

Tuombe nini kwa wenye mamlaka?

Maombi yetu hayahitaji sheria mpya nyingi. Lebo ya nyota iandikwe pia aina ya gesi na daraja la hali ya hewa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Friji za mtumba zikaguliwe bandarini kwa vipimo vile vile vya friji mpya, na mwenye friji kuukuu apewe punguzo la kununua iliyo bora, kama walivyofanya Ghana. Mafundi wa kaunti za Pwani wafunzwe kabla ya kubanwa. Msamaha wa kodi kwa vifaa vya sola na mitambo ya barafu udumu miaka ya kutosha mtu kupanga.

Wawakilishi wetu wa wadi na wabunge wanapokuja kutuuliza shida zetu, tumezoea kutaja barabara, maji na karo. Tuongeze na baridi. Mwaka 2029, ambapo nchi lazima iwe imepunguza asilimia 10 ya kwanza, hauko mbali, na friji itakayonunuliwa Kisauni au Ukunda wiki hii yatarajiwa iwe bado inafanya kazi mwaka huo.